Kipande Kisichoitikia Sumaku

Jirani yangu hakutoka nyumbani bila sumaku. Wengine husahau funguo, wengine miwani. Yeye aliweza kusahau vyote viwili, na siku moja alifika kazini amevaa ndala za mkewe, lakini sumaku ilikuwa mfukoni. Ilikuwa sumaku ya kawaida, nyeusi, ya mviringo, iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Kila kitu alikigusisha nayo: vijiko vya hotelini, bawaba za mlango wa kanisa, chenji aliyorudishiwa dukani. Nilimwona kwa macho yangu, kwenye mazishi ya watu, kwaya ikiimba, akiinama kama anayeaga na kugusisha vishikio vya jeneza. Aliporudi kuketi aliniambia kwa sauti ya chini, "Plastiki hiyo. Wamepaka rangi tu."

Tulifundisha pamoja katika chuo cha ufundi mjini Homa Bay. Yeye alifundisha habari za metali, mimi nilifundisha Kiswahili vijana wa makanika ambao hawakuona haja yake. Nyumba zetu za chuo ziligawana ukuta mmoja, kwa hiyo nilijua alipokohoa, alipoimba besi yake ya kwaya, na alipogombana na mkewe, jambo lililotokea mara chache na kwa upole. Yeye alikuwa Mjaluo na Msabato. Mimi ni Mkuria na Mkatoliki. Kikuria hakukijua, na Dholuo yangu ilikuwa ya kununulia nyanya, basi tulizungumza Kiswahili, chake kikiwa na ngeli mbili tu, moja ya watu na nyingine ya kila kitu kilichobaki. Nilikuwa nikimwita Mwalimu. Yeye aliniita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kujisumbua kuuliza jina langu la ubatizo.

Kuna jambo ambalo lazima nilieleze mapema, maana bila hilo mtu huyu haeleweki. Kabla sijamfahamu alikwenda chuo kikuu kusomea shahada ya pili, na somo lake lilikuwa mchanganyiko wa chuma na alumini. Chuma, kama kila mtoto ajuavyo, huitwa na sumaku kikaitika. Alumini haiitiki. Ukiyeyusha chuma ukatia alumini kidogo, mchanganyiko bado unaitika. Ukizidi kuitia, mwito unapungua, mpaka unafika mahali ambapo kipande kina chuma zaidi ya nusu, kina rangi ya chuma na uzito wake unausikia mkononi, lakini sumaku inakipita kama haikijui. Mwalimu alitengeneza vipande vya namna hiyo, vidogo kama kidole cha mwisho, akaandika katika tasnifu yake kwamba havivutwi na sumaku.

Wakubwa wa huko wakataka kuhakikisha. Walikuwa na fundi wa maabara, kijana Mkuria kutoka upande wetu wa Migori, wakamwagiza akikwaruze kipande kimoja kwa tupa mpaka apate vumbi, kwa sababu chombo chao cha kupimia kilitaka vumbi. Fundi akafanya alivyoagizwa. Vumbi lote likaruka na kujishika kwenye sumaku. Siku ya kutetea tasnifu, mbele ya kikao kizima, Mwalimu alimnyoshea kidole kijana yule na kusema kwamba hicho kilikuwa chuma cha tupa yake, kwamba ameichafua kazi kwa mikono michafu. Kijana akajitetea kwamba tupa ilikuwa safi. Hakuna aliyemsikiliza yeyote kati yao. Mwalimu aliambiwa abadilishe mstari mmoja katika tasnifu, ule wa kwamba vipande havivutwi na sumaku, akakataa, akanyimwa shahada. Kijana naye, mkataba wake ulipokwisha, hakupewa mwingine. Maabara, walisema, haiwezi kukaa na mtu wa mikono michafu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya ukuta wangu miaka yote. Mstari ule mmoja ulimzuia kuwa mkuu wa idara. Mkuu wa chuo alimwita ofisini, akamsihi kama ndugu aubadilishe, arudishe karatasi, apewe shahada yake, mambo yaishe. Mkewe alimsihi pia. Alikuwa muuguzi, mama mwenye maneno machache, na aliniambia akianua nguo, "Mimi nimeolewa na huyu mzee pamoja na hiyo sentensi yake." Mwalimu aliwasikiliza wote kwa adabu, akawashukuru, na hakubadilisha kitu.

Ungedhani basi alikuwa mtu wa kweli tupu. Hata kidogo. Sijapata kumjua mtu aliyedanganya kwa wepisi kama yeye. Alimwambia mkewe amekula, ilhali hajala. Aliwaambia wazazi kwamba mtoto wao anaendelea vizuri, na mtoto mwenyewe hajaonekana darasani tangu muhula uanze. Kwenye mazishi ndiko alikokuwa bingwa. Alipofariki jirani mmoja ambaye mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wakipotelea kwake, watu walitazamana kuona nani atamsifu. Mwalimu akasimama, akashusha miwani, akasema kwa huzuni, "Marehemu alipenda sana mifugo." Waombolezaji walipatwa na kikohozi cha ghafla, na mjane akamshukuru kwa dhati.

Nilimuuliza siku hiyo tukirudi, "Mwalimu, unamdanganya kila mtu, mpaka maiti. Mbona mstari mmoja unakushinda?"

"Hiyo ya watu ni heshima, Nyar Kuria," akasema. "Ile ya chuma ni ushahidi."

Nilimheshimu kwa jibu hilo, na bado namheshimu. Lakini kulikuwa na jambo lililonichoma, na nitalisema. Kila kitu kilipoharibika, alitaja tupa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, "Hiyo ni tupa." Mitihani ikichelewa kutoka Nairobi, "Kuna mtu na tupa yake hapo katikati." Wanafunzi walilidaka neno hilo, likawa la chuo kizima, aliyefeli alisema ni tupa, aliyechelewa alisema ni tupa. Mwalimu hakucheka walipocheka, kwa maana yeye hakuwa akitania. Alikuwa akimwona yule kijana na mikono yake michafu. Na kila aliyesimuliwa kisa hicho alitaka kujua kijana alikuwa wa wapi, na akishaambiwa, aliitikia "Aaa," kwa namna ambayo mimi Mkuria ninaifahamu vizuri. Nilimwambia. Akasema, "Sikusema Wakuria. Nilisema mkono." Ni kweli hakusema. Lakini watu husikia wanachotaka, naye alikuwa na umri wa kutosha kulijua hilo. Tulikaa wiki nzima hatuombani chumvi.

Ijumaa ilikuwa siku yake kubwa. Chuo kilikuwa na tanuri dogo la umeme, na humo ndimo alimopasha vipande vyake, maana hata baada ya kunyimwa shahada hakuacha kuvitengeneza. Alivipasha katikati ya wiki mpaka vikawa vyekundu, akaviweka hapo, na Ijumaa kabla jua halijatua alizima tanuri, akafunga chumba kwa kufuli na kutia ufunguo katika soksi. Hakuna aliyefungua mpaka Jumapili asubuhi. Mwalimu wa ujenzi, mtu wa utani mwingi, alimshtaki mbele yetu sote kwamba tanuri lake hufanya kazi siku ya Sabato.

"Kupoa si kazi," Mwalimu alimjibu. "Kupoa ni kupumzika."

Na hapo alikuwa na lake. Alituambia wengine huchomoa kipande kikiwa chekundu wakakitosa majini, na hicho ni kitu kingine kabisa. Vipande vyake vilipoa polepole, siku nzima na zaidi, na ndiyo maana vilitulia hivyo. "Chuma nayo inataka Sabato," aliwaambia vijana. Wakatoliki wakauliza kama Jumapili haitoshi. Alisema watajaribu wenyewe wakipata tanuri lao.

Namna alivyoeleza utulivu huo ndiyo niliyoielewa mimi, mtu wa lugha. Darasani kwake kila mwanafunzi aliketi alipoketishwa. Wapiga kelele wawili hawakukaa pamoja kamwe. Kila mmoja alizungukwa na wapole, wasichana wa ushonaji waliokuja kusikiliza hesabu, au mtu wa dini sana. Chumba kilikuwa kimya kama zahanati. "Chuma ndio wapiga kelele," alisema. "Sumaku inasikia kelele yao wakiwa karibu-karibu. Sasa alumini inaingia, inakaa katikati. Ukipoesha polepole, kila mtu anapata kiti yake, chuma haioni chuma mwenzake. Hakuna kelele. Sumaku inapita tu." Niliona ni maelezo mazuri, nikayaazima kwa somo la insha. Sikujiuliza, wala yeye hakujiuliza, itakuwaje mtu akiingia darasani humo na kuvurugavuruga viti.

Hakupenda kuvigusa vipande vyake zaidi ya lazima. Alivitundika kwa uzi, akasogeza sumaku pembeni, akatazama uzi kama utacheza. Tupa hakuitaka chumbani mwake. Vijana walipohitaji kukwaruza kitu walipelekwa nje, upande wa pili wa uwanja, karibu na vyoo, na waliporudi walinawa mikono kwa sabuni. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Alikuwa na mengine. Aliogopa maji. Alizaliwa karibu na ziwa, akasoma karibu na ziwa, na alipostaafu alijenga Mbita, nyumba yenye kuona maji kwa kila dirisha, lakini boti hakupanda. Akialikwa Muhuru Bay kwa arusi alizunguka nchi kavu mpaka akafika keki imekwisha. Alipenda omena, wale dagaa wa ziwa, lakini aliwachambua vichwa mmoja mmoja, na chakula cha mchana kikamchukua mpaka kengele ya alasiri. Hakusahau mwanafunzi aliyemfundisha, hata wale wajinga. Hao ndio aliowakumbuka zaidi. Alikuwa mkarimu kwa kila mtu isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja, yule fundi wa maabara, mimi nilijua aliko. Alikuwa amerudi nyumbani, kisha akafungua mashine ya kusaga mahindi pembeni mwa soko la Uriri. Nilipokuwa nikienda kwetu nilipita hapo, na wakati mwingine nilisimama kusagisha. Alikuwa amekuwa mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu ambazo hazikuonekana vizuri kwa sababu ya unga. Alipojua nafundisha wapi aliniuliza swali moja tu. "Yule Mwalimu wa sumaku bado yuko?" Nikasema yuko. Akanifungia unga wangu. Nilipomweleza Mwalimu kwamba fundi wake anasaga unga Uriri, alisema, "Natumaini wanakagua hiyo unga." Sikurudia kumtajia.

Basi mwaka huu, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, alinipigia simu kutoka Mbita. Hakunisalimu. "Nyar Kuria, kuja. Kuja na gari." Nikadhani ni ugonjwa. Nilipofika nilimkuta mezani, mkewe amesimama nyuma yake amekunja mikono, na mezani kulikuwa na gazeti, tupa mpya, makopo mawili madogo yenye udongo mkavu kuzunguka vifuniko, na kimoja cha vile vipande vyake.

Mkewe ndiye aliyeanza. Alikuwa amechoka kutafuta funguo za mzee huyu kila asubuhi, akamwambia achukue kimojawapo cha vile vipande vyake visivyo na faida, akitoboe tundu, atie funguo hapo, angalau kipate kazi. Mwalimu hakuwa na nguvu ya kubishana tena. Akabana kipande katika meno ya jiliwa, akaanza kusawazisha ncha yake kwa tupa. Alipomaliza alipitisha sumaku juu ya gazeti ili akusanye vumbi la tupa. Vumbi lote likaruka.

"Nikasema tupa," Mwalimu akaniambia. "Kwa mdomo wangu hii. Nikasema, unaona? Tupa."

"Akafurahi kabisa," mkewe akasema. "Akaniita nije nione."

Lakini vumbi lilikuwa jingi. Aliitazama tupa, meno yake yote yapo. Akaagiza dukani tupa mpya, ambayo haijagusa kitu, akakwaruza tena. Vumbi likaruka vilevile. Hapo akaacha kusema tupa. Akachukua msumari wa kawaida, akaukwaruza pia. Vumbi la msumari akalitia katika kopo moja, la kipande chake katika kopo la pili, akaziba vifuniko kwa udongo wa kufinyangia, akayafukia makopo yote mawili ndani ya makaa ya jiko la mkewe, Ijumaa alasiri. Jua lilipokaribia kutua aliliacha jiko lizimike lenyewe. Jumapili asubuhi alifungua.

Alinionyesha. Alimwaga la msumari kwenye gazeti na kusogeza sumaku, likaruka kama siku zote. Akamwaga la pili. Akasogeza sumaku, akaishusha mpaka ikakaribia kabisa, akaipitisha huku na huku. Vumbi lililala pale pale.

"Kama ingekuwa chuma ya tupa," akasema, "ingeruka na leo. Moto hauwezi kufanya chuma isiwe chuma. Hii ni ile ile yangu. Tupa ilivuruga viti, Nyar Kuria. Moto na Sabato imerudisha kila mtu kwa kiti yake."

"Kwa hiyo nani alidanganya?"

"Hakuna. Kipande yangu haikuitika. Vumbi yake iliitika. Zote mbili kweli."

Nikamuuliza kama wakubwa wale hawakulijua hilo. Aliniambia kwamba sasa amesoma, kwa simu ya binti yake, na kwamba watu wa mbali walilijua kabla yeye hajaanza hata kazi yake. Lilikuwa limeandikwa. Yeye hakusoma hapo. Wakubwa nao hawakusoma hapo. Alilisema bila kujitetea, na mimi, ambaye nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimpongeze, nikaufunga. Nilikuwa na hasira. Nilimwona yule kijana akisimama mbele ya kikao akisema tupa yangu ni safi, na nikaona vile ilivyokuwa rahisi kwa kila mtu kutomwamini.

"Utawapelekea chuo kikuu?" nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa nzuri.

"Chuo itangoja. Unajua Uriri ni wapi kwake?"

"Najua."

"Twende."

Ilikuwa Ijumaa tena. Nilimkumbusha, maana katika miaka yote sikumwona akianza safari siku hiyo. Akasema akingoja mpaka Jumapili atapata sababu ya kutokwenda, anajijua. Mkewe alikuwa amekwisha kufunga mfuko: sukari, mkate, majani. Akampa mfuko huo na makopo mawili mapya yenye vumbi, moja lenye vumbi la kipande lililokwaruzwa asubuhi ile na moja lenye vumbi lililotulizwa kwa moto. Njiani Mwalimu aliyashika makopo mapajani. Tulisimama kidogo Rongo nikaweka mafuta, na hata hapo hakugusisha pampu na sumaku.

Tulimkuta fundi kazini. Akina mama walikuwa wamepanga madebe na makarai yao ya mahindi mpaka nje ya mlango, mashine inanguruma, kila kitu cheupe. Chini ya mdomo wa mashine, unga unapotokea, palikuwa na sumaku ndefu. Kabla ya kila karai jipya fundi aliifuta sumaku hiyo kwa kitambaa, akatazama vinyweleo vyeusi vya chuma vilivyonaswa, akavikung'uta katika mkebe. Hakuruka karai hata moja. Mwalimu alisimama mlangoni akitazama kitambaa kile, akasahau kusalimu.

Fundi alimwona. Alimaliza karai la mama aliyekuwa mbele, akapunguza injini mpaka ikawa inakoroma tu.

"Mwalimu," akasema.

"Fundi."

Nilimsalimu kwa Kikuria, nikamwambia tumekuja kwa heri, mzee ana neno. Akatuonyesha gunia tuketi. Mwalimu hakuketi. Alitandaza gazeti juu ya meza ya mizani, akamwaga kopo la kwanza, akatoa sumaku yake mfukoni. Vumbi likaruka.

Fundi hakulitazama hata. "Hiyo naijua," akasema. "Mimi ndio niliiona kwanza."

Mwalimu akamwaga kopo la pili, akapitisha sumaku, vumbi halikwenda popote. Akaeleza. Alieleza vibaya, maneno yakigongana, lakini fundi alikuwa mtu wa maabara, alishika kabla hajamaliza. Akaichukua sumaku mkononi mwa Mwalimu, akaipitisha mwenyewe mara nyingi juu ya vumbi lililotulia. Nilitazama kando.

"Kwa hivyo haikuwa tupa yangu."

"Haikuwa."

"Miaka hii yote."

"Haikuwa tupa. Uliniambia, na sikusikia."

Fundi akarudisha sumaku. "Ulinisema mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo."

"Basi sema mbele ya watu."

Mwalimu akawageukia wale akina mama. Nilimkumbuka kwenye mazishi, namna alivyokuwa akisimama bila kuitwa na kuwasifu wezi kwa ulimi mtamu. Sasa alishusha miwani, akaipandisha, akaishusha tena. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuta maneno, na nilimhurumia, hasira yote ikaniisha.

"Mama zangu," akasema. "Mimi ni mwalimu. Zamani, huyu fundi alinifanyia kazi. Mimi nikasema mbele ya wakubwa mikono yake ni chafu, ameweka chuma kwa kazi yangu. Akapoteza kazi. Haikuwa kweli. Kazi yake ilikuwa safi. Mimi ndio sikujua kitu yangu mwenyewe."

Injini ilikuwa ikikoroma. Akina mama walitazamana. Mmoja, mwenye karai la manjano, akauliza, "Chuma gani? Hiyo ya kwa unga?"

"Hapana mama. Si ya unga. Ilikuwa kazi ingine."

"Kwa hivyo unga iko safi?"

"Unga iko safi kabisa."

"Hiyo sisi tunajua," mama akasema. "Si ndio tunakuja kwake? Sasa si awashe mashine, watoto wanatoka shule na njaa."

Wenzake wakacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, bila sauti. Fundi hakucheka. Alijifuta uso kwa mkono wake wenye unga, ukawa mweupe zaidi, akasimama akitazama nje kupitia mlangoni. Jua lilikuwa limeshuka juu ya mabati ya soko.

"Leo ni Ijumaa," akasema. "Si wewe ni wa Sabato?"

"Ni mimi."

"Na hiyo jua inaenda. Hamwezi kufika Mbita."

Nikasema mimi ni Mkatoliki, naweza kuendesha saa yoyote, nitamfikisha. Mwalimu akasema ataketi tu garini, Mungu ataelewa. Fundi alitazama safu ya makarai.

"Utalala kwangu," akasema.

Ijumaa jioni ndiyo saa ya wateja wengi kwa mwenye mashine. Hilo kila mtu pale alilijua. Fundi alisaga karai lililokwisha kumiminwa mashineni, akafuta sumaku, kisha akafungua gunia la unga wake mwenyewe kwenye kona, akashika gorogoro, kopo lake la kupimia. Alimpimia kila mama unga wa kutosha ugali wa jioni ile, akawaambia waache mahindi hapo mpaka Jumapili, hayatapotea.

"Kwani leo ni sikukuu gani?" mwenye karai la manjano akauliza.

"Nina mgeni," fundi akasema.

Akavuta wenzo, injini ikakohoa, ikazunguka kwa uzito, ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Sikuwa nimejua jinsi kelele ile ilivyokuwa kubwa mpaka ilipokwisha. Mwalimu alisogea, akaweka kiganja juu ya ubavu wa mashine, akakiondoa haraka kwa sababu ya moto. Akaangalia huku na huku, akaona ndoo ya maji mlangoni, akauliza kama aimwagie.

"Iache," fundi akamwambia, akichukua mfuko wa sukari na mkate. "Itapoa yenyewe."